Page Yangu Ilifungwa Siku Baba Alipotea

"AKAUNTI YAKO IMEFUNGWA!"

Nilisoma hayo maneno mara tatu nikiwa nimesimama kwa mlango wa Baba, hapa mtaani Munyaka. Kitanda kimetandikwa. Simu yake iko juu ya mto. Baba mwenyewe... hayuko!

Wasomaji wangu, naitwa Tryphosa. Page yangu ya habari za mtaa ilikuwa na watu elfu arobaini na moja. Mtoto akipotea, ni mimi napigiwa. Sasa mzee wangu, Mzee Mabonga, ambaye siku hizi anasahausahau, amepotea... na mimi sina pa kusemea!

Nikakata rufaa. Jibu likaja kwa sekunde nne: "Umekiuka kanuni zetu."

Kanuni gani? Kimya. Hakuna namba ya kupiga. Ni mashine tu inanijibu nikilia.

Kufikia saa saba nilikuwa nimezunguka stage, soko, kanisa. Wapi! Nikajitupa kwa kiti cha Nyakio, jirani anayetengeneza simu.

"Sister, andika kwa seva yetu, ule mtandao mdogo tunaouendesha wenyewe," akasema.

Miezi mingi alikuwa akiniita huko, nami nikimcheka. Watu sitini na wawili!

"Watu sitini watanisaidia na nini?"

"Hapa ni sisi sitini. Lakini kuna seva zingine maelfu, kila moja na wenyewe, na zinaongea. Kama email. Hakuna tajiri mmoja wa kuzima zote."

"Na wewe ukinifungia?"

"Nitakuambia kosa lako, mtu kwa mtu, na wewe useme upande wako. Usiponipenda, unahamia seva ingine na watu wako wanakufuata."

Nikatafuta picha ya Baba niiweke. Akanishika mkono.

"Mzee angekubali?"

"Nyakio, baba yangu amepotea!"

"Najua. Anza na nguo. Tukikosa, tutaweka picha."

Manze, alinikera! Lakini nikaandika: koti ya kijivu, kofia ya kahawia, anachechemea mguu wa kushoto.

Tukangoja. Dakika arobaini... Saa nzima...

Halafu jibu! Mtu anaitwa Wachira, mwenye duka mjini Moi's Bridge, kutoka seva ya wakulima ambayo sijawahi kuisikia.

"Huyo mzee yuko hapa kwa ghala ya mahindi. Anakunywa chai. Anasema hajapotea."

Hajapotea?!

Tulifika jua likishuka. Baba aliketi juu ya gunia, pale alipofanya kazi ya ukarani miaka mingi. Aliniona. Hakuinuka.

"Baba! Nimekutafuta kila mahali!"

"Nimekuja huku kwa sababu huku hakuna mtu ananicheka."

"Nani anakucheka?"

"Ile video, Tryphosa."

Nikaketi kando yake.

Mwezi uliopita alisahau nyumba yetu, akagonga kwa jirani akisisitiza ni kwake. Nilimrekodi. Nikaongeza sauti za vicheko. Watu laki mbili waliitazama.

"Nilikuomba uitoe. Ukasema inafanya vizuri. Nikaenda kwa Amos kinyozi, nikamwomba yeye na wateja wake wote wairipoti hiyo page. Ni mimi nimekufungia."

Nikatoa simu, nikaangalia.

"Sasa imetoka?" akaniuliza.

Page imefungwa, ndio. Lakini video ilishachukuliwa na watu nisiowajua, iko kwa magroup nisiyoyajua. Siwezi kuifuta. Hakuna hata wa kumwomba.

"Tryphosa. Imetoka?"

"Hapana, Baba."

Akavuta kofia chini, akafunika macho.

Ndugu zangu, mimi nilikosa wa kunisikia siku moja tu, nikaona dunia imeisha. Baba alinikosa mimi mwezi mzima, tukila meza moja!

Siku hizi niko kwa seva ya Nyakio. Hii story nimemsomea Baba kwanza, akasema niweke. Kwa hivyo kabla hujampost mtu wako, muulize. Na akikuambia toa... toa siku hiyo hiyo. Kesho yake hiyo video haitakuwa yako tena.