Namba Iliyofichwa na Grisi

Kila siku baada ya shule, Fancy alivua sare, akajifunga kikapu mgongoni na kuchuma majani chai. Kisha aliandamana na nyanya yake, Kogo Rodah, hadi kituo cha kupimia majani pale Merigi. Kazi ya Fancy ilikuwa kumtajia karani namba yao ya mkulima, 0417. Aliijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa.

Njia ya kituoni ilipita kando ya banda la marehemu babu yake, Mzee Bethwel. Hapo Fancy alikaza mwendo. Kila ukungu uliposhuka mashambani, kitu kiligonga ndani ya banda. Tok. Kimya kirefu. Tok. Binamu yake, Kipruto, alimtania kwamba babu bado yuko kazini na anatafuta mtu wa kumshikia spana.

Ndani mlikuwa na injini ya silinda nane, ya gari la mbio la Kimarekani lililoundwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Babu aliitunza akitumaini ingenguruma tena. Sasa mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa aje Jumamosi kuivunja kwa nyundo. Kogo hakutaka hilo. Alimpigia simu Ombui, fundi wa Kericho aliyekuwa akifufua gari la aina hiyo. Ombui alisema angeinunua ikiwa ni injini yenyewe, lakini kwanza atumiwe namba iliyochongwa kwenye chuma, nyuma ya bloku, ule mwili mkuu wa injini.

Macho ya Kogo yalikuwa hafifu, kwa hiyo alimtuma Fancy, akampa tochi na brashi.

Fancy alisukuma mlango. Ukungu ukaingia pamoja naye. Injini ilikaa juu ya magogo, nyeusi, imejaa grisi, na ubavuni ilikuwa na tarakimu nyeupe za rangi: 0417. Babu alipaka namba ya mkulima kwenye kila mali yake, hata mikebe ya maziwa. Fancy alijua si namba iliyotakiwa. Alipiga hatua moja.

Tok. Sauti ilitoka ndani ya injini.

Alikimbia. Nje, akihema, aliandika 0417 kwenye simu ya Kogo na kuituma. Kisha akamwambia Kogo kwamba ameisoma.

Ijumaa alasiri Ombui alifika na pikapu yake, lakini hakuizima.

“Mama, namba mliyonitumia haiko kwenye kitabu chochote cha namba za injini,” alisema. “Nimeshauziwa pampu ya maji nikiambiwa ni injini. Wacha nirudi tu.”

“Mjukuu wangu aliisoma kwa macho yake, fundi. Huyu hadanganyi.”

Maneno hayo yalimchoma Fancy. Alitazama gari likianza kurudi nyuma.

“Kogo, sikuisoma,” alisema. “Ile ni namba yetu ya majani. Niliogopa. Kuna kitu kinagonga humo.”

Ombui alizima gari. Kisha Kogo akamshika Fancy mkono, na wote watatu wakaingia bandani.

Tok.

Ombui alimulika juu. Ukungu ulikuwa ukigeuka maji kwenye bati lililotoboka, na tone moja moja likidondoka ndani ya tundu la plagi. Plagi yenyewe ilikuwa mezani, kando ya spana na kikombe, kana kwamba babu ametoka kidogo na anarudi. Ombui alipotumbukiza kitambaa tunduni, kilitoka na kutu.

“Silinda hii itachongwa upya,” alisema. “Zingepita wiki chache zaidi, ingekufa.”

Alimpa Fancy brashi. Fancy alisugua nyuma ya bloku mpaka chuma kikatoa namba, akaisoma tarakimu moja moja. Ombui alizifuata kitabuni kwa kidole. Alipofika ya mwisho, alivua kofia.

“Ndiyo hii, mama. Hii itanguruma.”

Kogo alipangusa macho.

“Kuogopa si kosa, Fancy,” alisema. “Hata mimi sijaingia humu tangu tumzike. Lakini ulipofunika woga kwa uongo, maji yaliendelea kuingia, na fundi karibu atuone wezi. Ungeniambia, tungekuja wawili siku ileile. Bado unaogopa?”

“Kidogo.”

“Basi simama karibu nami.”

Ombui aliifunga injini kamba, akawarushia ncha, na wote watatu wakaanza kuivuta kuelekea kwenye pikapu.