Mikate ya Maofisa

Fauziya aliupasua mkate wa kwanza wa tanuri yao mpya, akakuta ganda tupu. Ndani hamna kitu. Akapasua mwingine, na mwingine, yote hivyo hivyo, na jikoni kote kunanuka viatu vya ngozi vilivyolowa.

"Swaliki, matofali ya hii tanuri ulitoa wapi?"

"Mukuju, kwa ile kambi ya zamani. Ya bure, mama Munirah!"

Bure! Mume huyu akilisikia neno hilo hasikii jingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walifungiwa humo maofisa wa Kitaliano waliotekwa, na mpishi wao alikuwa Aziz, babu yake Swaliki. Unga wao wa ngano aliuvusha mpakani akauuza Kenya, wao akawapikia muhogo uliooza, wakafa mmoja mmoja huku yeye akinenepa. Nyumbani kwa Swaliki hilo halitajwi.

Basi binti yao Munirah akaanza kukonda. Alikula ugali na samaki, akaomba tena, na bado mbavu zikamtoka. Kila mara tanuri ilipowashwa, mchana kweupe, vishindo vya viatu vilisikika vikijipanga uani, na mtoto alichukua sahani yake akaenda kusimama mstarini na watu wasioonekana, ametulia, anangoja zamu.

Maalim wa upande wa Kenya aliitwa. Alimsomea mtoto mpaka sauti nzito ya kiume ikamtoka kinywani: "Tunataka mkate wetu. Ngano tupu. Mjukuu wa Aziz aukande, atuletee kambini. Tutamwacha binti."

"Umesikia?" Maalim alinong'ona. "Ngano tupu. Usicheze na hawa."

Swaliki alikanda akilia, maana alimpenda kweli bintiye, lakini mkono wake ulishazoea, ukachota unga wa muhogo kwenye debe la pembeni ukachanganya kama anavyowachanganyia wateja kila siku, na alipogutuka, akautazama ule unga wote, ngano ilivyopanda bei, yaani aumwage? Akaufunika uumuke.

Kambini Fauziya alimpakata Munirah ndani ya leso yake ya kujifunga. Vishindo vikawazunguka, vikasimama. Mtoto akapokea mkate kwa baba yake, akauma, akatafuna polepole, akatema.

"Muhogo," ikasema ile sauti. "Tena."

"Swaliki, umefanya nini? Wewe mwanaume, umefanya nini?"

Fauziya akahisi mikono imekuwa myepesi, akaifunua leso, bado ina joto la mwanawe.

Ndani hamna kitu.