Kalamu Iliyoacha Kukwaruza

"Bado inakwaruza," Khue alisema, akailaza kalamu juu ya meza ya kioo.

Thuan hakuinua kichwa. Alikuwa na lenzi jichoni, anakagua ncha ya kalamu ya mteja mwingine.

"Inakwaruza wapi, Mwalimu?"

"Ninapopandisha mkono. Nikishusha haina neno."

"Juzi ilikuwa unaposhusha."

"Basi imehamia."

Khue alifundisha darasa la kwanza hapo mjini Hue, na huko mtoto wa darasa la kwanza haruhusiwi kugusa kalamu ya kubonyeza. Anaandika kwa kalamu ya wino, wino wenyewe zambarau, mpaka vidole vinageuka mabiringanya. Mwalimu naye mwandiko wake uwe wa kupigiwa mfano. Kalamu yake ya thamani ilipopotea, alikwenda kwenye kibanda cha Thuan nyuma ya soko akachagua ya bei ya chini kabisa, ya kuandikia kila siku. Thuan akampa sharti moja: chukua, andikia, ikikusumbua irudishe niisugue ncha bure mpaka iuzoee mkono wako.

Sharti hilo ndilo lililomponza. Khue alirudi kesho yake, akarudi tena, na wiki iliyofuata akarudi kama mtu mwenye kadi ya kliniki. Walimu wenzake wakauliza hiyo kalamu ina maradhi gani yasiyosikia dawa. Tuseme ukweli tu: mgonjwa alikuwa Khue. Akisikia lile jiwe dogo linavyosugua ncha, na kumwona Thuan anavyommiminia chai ya barafu bila kuulizwa, moyo ulimwenda mbio hadi akawa anajibu maswali ambayo hajaulizwa.

Siku hiyo simu yake ililia pale pale mezani, kioo juu. Wote wawili wakausoma ujumbe wa mama yake, Bi Lanh: "Familia ya Bao wanaleta tambuu ya posa Jumapili. Usije ukaniaibisha."

Thuan alivua lenzi, akaifuta kwa muda mrefu.

"Bao ndiye yule muuza magari?"

"Ndiye."

"Hongera, Mwalimu."

Khue alingoja neno jingine. Thuan alimwambia tu aiache kalamu, aje aichukue kesho baada ya vipindi. Na kesho yake alimkabidhi ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Chai hakumimina.

"Haitakusumbua tena," alisema.

Khue aliijaza wino nyumbani, akajaribu herufi moja, na nusura apige kelele kwa furaha. Kalamu iliteleza. Akipandisha inapanda yenyewe, akipinda inapinda naye, mistari minene na membamba inatoka kama ile ya kwenye vitabu vya mfano. Aliandika majina ya wanafunzi wake wote, akaandika majina ya mitaa, akaandika bei za samaki, anacheka peke yake. Kitu rahisi vile, na kuandika kwake ni raha tupu.

Halafu mkono ukasimama. Kalamu isiyokwaruza hairudishwi dukani. Huyu mwanamume alikuwa amemuaga, na yeye alikuwa amekaa hapo anachekelea.

Akaandika ujumbe: "Kalamu imekaa sawa. Ahsante."

Jibu likaja: "Nimefurahi. Itakufaa miaka na miaka."

Miaka na miaka! Chakula cha jioni kilimshinda, na cha siku iliyofuata pia. Jumamosi mchana aliichukua ile kalamu nzuri, akaisimamisha wima, akaigonga mezani. Kisha akavaa koti la mvua, akapanda pikipiki yake.

Thuan aliipokea, akaitazama kwa lenzi.

"Imeanguka?"

"Imeanguka."

"Ikianguka ncha hupinda upande mmoja. Hii imegongwa, tena kwa hasira."

Mama muuza kofia wa kibanda cha jirani aliacha kujipepea. Khue alimwona, akaamua liwalo na liwe.

"Kwa nini, Mwalimu?" Thuan aliuliza.

"Kwa sababu ilikuwa haikwaruzi. Ningerudi hapa na sababu gani? Na uache kuniita Mwalimu."

Thuan alivua lenzi. Akaiweka pembeni pamoja na kalamu.

"Khue, kalamu hiyo ningeimaliza siku ya kwanza."

"Unasemaje?"

"Kila ulipokuja nilibakisha mkwaruzo. Kidogo tu. Ili urudi."

"Muda wote huo nawaandikia watoto wa watu kwa kalamu mbovu?"

"Si mbovu sana."

Khue alicheka, akampiga kofi la mkononi, halafu machozi yakamtoka hapo hapo. Akamuuliza kwa nini basi aliitengeneza.

"Ulikuwa unaletewa tambuu. Niendelee kukurudisha hapa nikufanye nini?"

"Uniulize kama naitaka."

"Unaitaka?"

"Ya Bao, hapana."

Khue akampigia mama yake simu kabla ujasiri haujamtoka, akaweka spika ili Thuan asikie.

"Mama, waambie watu wa Bao wasije kesho."

"Nilijua utaniaibisha."

"Tambuu italetwa, mama. Atakayebadilika ni mletaji."

Hata mama muuza kofia alisogeza kiti karibu.

"Nani huyo?"

"Thuan. Wa kalamu."

"Yule aliyeshindwa kutengeneza kalamu moja muda wote huu?"

"Huyo huyo."

Bi Lanh alishusha pumzi ndefu. "Ndiyo maana tangu juzi chakula hakikushuki?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa Bao nitapiga mimi, nitukanwe mimi. Huyo wako aje kesho asubuhi na wazazi wake, kabla sijabadili nia. Na popoo za hiyo tambuu ziwe mbichi."

Simu ikakatika. Khue alipogeuka, Thuan alikuwa anashusha mlango wa kibanda mchana kweupe, wateja wawili wamesimama na kalamu zao mkononi, anawaambia warudi Jumatatu kwa sababu anakwenda kutafuta popoo.