Shanga Zilizovuliwa Kabla ya Mlima

“Swami, chai yako hii.”

“Iweke hapo, mama.”

Mama. Mridula aliiweka bilauri ukingoni mwa baraza, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Miaka sita ya ndoa, halafu leo anaitwa mama na mwanamume yule yule aliyekuwa akimvizia kituo cha basi akitoka kujifunza ushonaji.

Desturi aliijua. Mtu akishavishwa shanga za nadhiri ya kupanda mlima mtakatifu wa Sabarimala, anavaa nyeusi, anaacha ndevu ziote, hagusi nyama wala pombe, analala kwenye mkeka peke yake. Wanaume wote kwake ni Swami, yaani bwana, naye huitwa hivyo; wanawake wote ni mama, hata yule aliyemwoa. Msimu huo wanawake wa mji wao wa Neyyattinkara walikuwa wakilipitia hilo nyumba hadi nyumba. Ila waume wa wenzake walikuwa watu wa kusali tangu zamani. Vinayan wake alikuwa fundi wa pampu za maji ambaye hata mlango wa hekalu ulielekea wapi alikuwa hajui.

“Huyo anakwenda kukuombea mtoto,” jirani yake Jalaja alikuwa amemwambia. “Una bahati, wewe. Wangu anapanda mlima ili apunguze tumbo.”

Mridula alicheka, lakini moyoni hakucheka. Vinayan hakuwahi kumwambia kwamba anakwenda kuomba mtoto.

“Swami,” alimwita sasa, “nadhiri yako hasa ni ya nini?”

“Nadhiri haitangazwi.”

“Hata kwa mkeo?”

“Nimechelewa kazini, mama.”

Akaenda kisimani kuoga. Simu yake ikabaki barazani kando ya chai, na kabla hata ndoo haijagusa maji, ikawaka. Ujumbe ulisomeka waziwazi kwenye kioo:

“Jumapili usikose. Njoo peke yako.”

Jina la aliyeutuma: Poongodi. Jina la kike la Kitamil, la ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Mridula alilisoma tena na tena mpaka kioo kikazima.

Vinayan aliporudi akijifunga msuli wake mweusi, alimkuta amesimama pale pale.

“Poongodi ni nani?”

Mkono wake ulisita kwenye fundo la msuli. Kidogo tu, lakini Mridula aliona.

“Mteja. Wa Nagercoil, ng'ambo huko. Pampu yake inasumbua.”

“Na pampu ndiyo inataka uende peke yako?”

“Umeanza kupekua simu yangu?”

“Sijapekua. Iliwaka yenyewe mbele ya macho yangu.”

Vinayan alikunywa chai mafunda mawili, akaiacha, akapanda skuta akaondoka. Jumapili hiyo alikwenda Nagercoil, na Jumapili iliyofuata pia.

Tangu hapo Mridula akawa mtu wa kuchungulia. Hakujipenda kwa tabia hiyo, lakini aliifanya. Alifungua sanduku la skuta akakuta mpira wa kutandika kitandani, ule wa kuzuia maji yasipenye kwenye godoro. Chini ya mpira kulikuwa na vitambaa vya pamba kuukuu, laini, vimekunjwa vizuri. Alivijua mara moja. Vilitoka kwenye kasha lake mwenyewe la ushonaji. Kila mwenye mimba mtaani alikuwa akija kwake kuomba vitambaa kama hivyo vya kumfungia mtoto mchanga, naye alikuwa akitoa kwa tabasamu, kisha anaingia ndani na kufunga mlango.

Alivirudisha kama vilivyokuwa. Siku nzima alishona mikono ya blauzi upande usio wake.

Jumanne mchana simu ya Vinayan iliita. Aliipokea nje, akasikiliza, kisha akaingia ndani kuchukua pesa.

“Kuna nini?” Mridula aliuliza.

“Kazi. Nagercoil.”

“Mbona huchukui vifaa?”

“Viko huko huko.”

Vifaa vilikuwa pale pembeni ya mlango, kwenye sanduku lake la bati.

Hakurudi mpaka kesho yake asubuhi. Hakupita barazani. Alikwenda moja kwa moja kisimani akajimwagia maji na nguo zake mwilini, ndoo baada ya ndoo, kisha akaingia ndani, akatoka na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Joto lilikuwa la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa tu. Mridula akatazama ile kola iliyobana, wala hakuuliza. Alishachoka kudanganywa.

Halafu ikaja habari ya taa.

“Mama,” Vinayan alimwambia mama yake mzazi, Thankamani, “taa hii imekuwa nyeusi. Naipeleka mjini ikasuguliwe.”

Ilikuwa taa ya shaba ya nyumba, ile inayowashwa kila magharibi mbele ya picha za miungu. Bibi yule aliitazama taa, akamtazama mwanawe.

“Taa hii naisugua mwenyewe kwa ukwaju na majivu tangu nilipoletwa nyumba hii.”

“Ndiyo maana nasema upumzike. Na hekaluni pia usiende wiki hii. Magoti yako hayo.”

“Magoti yangu yana nini?”

“Pumzika tu, mama.”

Thankamani hakubishana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mumewe alimwacha wakati Vinayan akiwa bado mtoto wa shule, akaenda kufanya kazi upande wa Watamil, akapata nyumba nyingine huko na hakurudi tena. Jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile. Hata hivyo kila asubuhi Thankamani alijipaka rangi nyekundu kwenye njia ya nywele zake, alama ya mwanamke ambaye mumewe yu hai, akaishika cheni yake ya ndoa na kuigusisha kwenye macho yote mawili. Mridula alipoolewa alitaka kuuliza sababu, Vinayan akamkonyeza anyamaze.

Siku iliyofuata, sokoni, alikutana na Bhargavan. Huyu ndiye mzee aliyekuwa akiongoza kundi lao mlimani kila mwaka, na ndiye aliyemvisha Vinayan shanga.

“Mwambie Swami wangu nina kinyongo naye,” alisema. “Mbona simwoni hekaluni?”

“Humwoni? Kila alfajiri anatoka nyumbani kuja huko.”

“Tangu Jumanne hajakanyaga.”

Wakatazamana. Mzee akajikuna ndevu.

“Labda kazi zimembana,” alisema. “Basi kesho nakuja kwenu tupange mambo ya safari. Gari nimeshapata.”

Mridula alirudi nyumbani mbio mbio, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati. Chini ya spana, ndani ya kitambaa safi cheupe, zilikuwamo shanga za nadhiri.

Alikaa chini sakafuni. Mtu hazivui shanga zile kabla ya mlima kwa sababu amechoka au amekumbuka nyama. Zinavuliwa mwiko ukiingia nyumbani, na mwiko huletwa na mambo mawili tu: damu yako imefiwa, au damu yako imezaa. Hapo huingii hekaluni. Huwashi taa. Mlima husogelei.

Alianza kuwapitia ndugu wote wa mumewe mmoja mmoja. Mjomba mzima, jana kapita na baiskeli. Shangazi mzima, asubuhi kapiga simu kulalamikia bei ya samaki. Hakuna msiba. Na kama hakuna msiba, basi kuna mtoto.

Mpira. Vitambaa vyake. Taa. Vyote vikajipanga.

Namba ya Poongodi alikuwa ameshaichukua zamani. Akapiga.

“Halo?” Sauti ya msichana, imekauka.

“Mimi ni mke wa Vinayan.”

Mridula akarudia:

“Nasema mimi ni mke wa Vinayan. Unanisikia?”

“Nakusikia, dada.” Sauti ikatetemeka. “Nakuomba umuulize yeye mwenyewe. Mimi niliapishwa nisiseme.”

Simu ikakatwa. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajalala na amelia sana. Ndivyo walivyo waliotoka kujifungua, Mridula akajiambia, na hapo hapo akaanza kulia yeye.

Kesho yake Bhargavan alifika asubuhi, akakaa barazani na kupanga safari kwa vidole.

“Jumamosi tunafunga mizigo. Kila mtu na nazi yake, tunaitoa maji, tunaijaza samli. Wewe Vinayan ndiye mgeni wa mlima, utafungiwa wa kwanza. Tukifika mtoni Pampa tunaoga, halafu tunapanda. Viatu sahau.”

Vinayan alikuwa amesimama mbali naye, nje ya baraza, shati limefungwa mpaka juu.

“Swami,” alisema taratibu, “nafasi yangu mpe mtu mwingine.”

“Nini?”

“Mwili haujisikii vizuri. Mwaka huu sitaweza.”

“Mgonjwa? Wewe uliyekuwa ukinisumbua tangu mvua za mwanzo, twende, twende?”

Mridula alitoka ndani. Mkononi alikuwa na kile kitambaa cheupe. Alikifungua mbele ya mzee, shanga zikaonekana.

“Hana ugonjwa,” alisema. “Fungua shati lako, Vinayan. Mwonyeshe shingo.”

“Mridu, ingia ndani. Nakuomba.”

“Ah, leo mimi ni Mridu? Si nilikuwa mama?”

Bhargavan aliinuka polepole. “Shanga hizi nilikuvisha kwa mikono yangu. Nani alikuvua?”

Vinayan alishika kola ya shati. Pembeni, Thankamani alikuwa amekaa kwenye kigoda akitoa mbegu za ukwaju. Mikono yake ilikuwa imesimama.

“Hajibu kwa sababu jibu analijua kila mtu,” Mridula alisema. Alitaka kusema kwa utulivu, lakini sauti ilimpanda. “Humu hakuna aliyekufa. Haya, tuambie. Huyo mtoto wa Nagercoil ni wa kike au wa kiume? Nilivikata vile vitambaa nikiwa na ndoto zangu, Vinayan. Nina haki ya kujua anayefungiwa.”

“Hakuna mtoto.”

“Usinidanganye mbele ya mzee.”

“Hakuna mtoto, Mridu. Naapa.”

“Basi kuna nini?”

Vinayan alimtazama mama yake.

Thankamani aliweka bakuli la ukwaju chini. Alijifuta vidole kwenye nguo yake, kimoja kimoja, kisha akaishika cheni yake ya ndoa.

“Lini?” aliuliza.

“Mama…”

“Nimekuuliza lini.”

“Jumanne.”

“Ni wewe uliyewasha moto wa kumchoma?”

“Ni mimi, mama.”

Bibi akatikisa kichwa. “Ulipoitoa taa nilijua. Taa ile haijawahi kutoka humu. Nilikuwa nangoja uniambie, ukawa unanizungumzia magoti.”

Hapo ndipo Mridula alipoelewa. Kuna mmoja ambaye alipowapitia jana hakumtaja, baba mkwe wake, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imemfundisha kutomtaja.

Thankamani alijaribu kukifungua kifungo cha cheni nyuma ya shingo. Vidole vilikataa.

“Mwanangu,” alimwita Mridula. “Njoo unifungulie.”

“Mama, mimi siwezi.”

“Njoo. Mikono yako imezoea vitu vidogo.”

Mridula alipiga magoti nyuma yake. Machozi yalimzuia kuona kifungo, akakitafuta kwa kupapasa. Kilipoachia, cheni ilimwangukia bibi mapajani, naye akaifunika kwa kiganja. Hakulia. Aliuliza tu:

“Nani alikuwa akimwuguza?”

“Poongodi,” Vinayan alijibu. “Binti yake.”

“Na mama yake huyo binti?”

“Alikufa zamani. Walibaki wawili tu.”

“Kwa hiyo sasa yuko peke yake, kwenye nyumba ya msiba.”

“Ndiyo, mama.”

“Kamlete. Msiba wetu na wake ni mmoja.”

Bhargavan alizikunja zile shanga kwenye kitambaa, akazitia mfukoni. “Nitakuwekea,” alimwambia Vinayan. “Mwaka ukipita na ukiwa bado unautaka mlima, nitakuvisha tena.” Akavaa kandambili zake akaondoka.

Mridula alimkuta mumewe kisimani, amekaa kwenye jiwe la kufulia, shati sasa limefunguliwa. Shingo yake ilikuwa na alama nyeupe mahali zilipokuwa shanga.

“Ungeniambia,” alisema.

“Baba alikuwa kitandani hawezi hata kujigeuza; vile vitambaa vyako vilikuwa vya kumtandikia. Aliona aibu, hakutaka mtu mwingine amwone vile. Nadhiri yangu ilikuwa hiyo: asimame tena, atembee mpaka getini kwetu, amwombe mama msamaha kwa mdomo wake. Kisha akafa.” Akapangusa uso. “Nikarudi nikamkuta mama anajipaka nyekundu. Nikashindwa, Mridu. Nikasema si leo, kesho.”

“Na mimi je? Ulikuwa unaniona ninavyoungua.”

“Nilikuona.”

“Ukaniacha?”

“Nilidhani nikikuambia utaanza kumtazama mama kwa huruma, na yeye atajua.”

Mridula alitaka kukasirika zaidi. Hasira bado ilikuwepo, alikuwa na haki nayo. Lakini alikumbuka sauti ile ya simu, iliyokauka kwa kulia, na jinsi alivyoipa maana yake mwenyewe.

“Nilimpigia,” alisema. “Nilimsemesha vibaya siku ya pili tu baada ya kumchoma baba yake.”

“Atakusamehe. Alikuwa akiniuliza habari zako kila siku.”

“Na mimi nitakusamehe wewe, lakini si leo. Leo bado nina donge.”

“Sawa.”

“Na usiniite mama tena.”

“Mridu.”

“Rudia.”

“Mridu.”

Alikwenda ndani, akarudi na ufunguo wa skuta na mkoba mdogo aliotia nguo moja safi ya kike, kwa mtu asiyemjua.

“Twende tukamchukue wifi yangu,” alisema. “Safari hii huendi peke yako.”