Pawasoo Fupi ya Rodah

"Shemeji, toka hapo. Hii kazi si ya akina mama."

Rodah akageuka... na akaona kitu hakuamini!

Hezekiah, ndugu ya bwanake, mtu amekula ugali kwa meza yake miaka tano, alikuwa anateremka kwa shamba ya Mzee Kipsang na pawasoo mpya begani, ule msumeno wa injini. Ndefu! Blade imetokeza mbele kama mdomo wa korongo.

Na nyuma yake... wale wanaume wawili wa Rodah. Wafanyikazi wake mwenyewe! Mmoja amebeba petroli. Mwingine anaangalia viatu.

"Jana si mlikunywa chai kwangu?" Rodah akawauliza.

"Mama... kazi ni kazi."

Weeeh!

Wasee wangu, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, ndio mjue huyu Hezekiah alikuwa mtu bure wa kiwango gani.

Hii ni 1996, huku kwetu nje ya Kapkatet. Rodah alikuwa na kapawasoo kadogo ka kukata kuni za kuuzia factory ya chai. Hezekiah ndio alikuwa operator wake, mwenye kushika mashine. Biashara ndogo, lakini inasonga.

Sasa Mzee Kipsang akasema anataka kuangusha cypress zake zote, thirty-one, na zipasuliwe mbao hapo hapo shambani. Na si miti ya mchezo! Watu watatu wakishikana mikono hawazungushi moja. Akamwahidi Rodah hiyo kazi.

Kale kadogo kangekufa kwa mti wa kwanza.

So Rodah akauza ng'ombe zake mbili za gredi, zile za maziwa. Hakuwa na ingine! Akapanda mpaka Kericho kwa duka ya mashine ya Wambugu. Akipoteza hii kazi ya Kipsang, hana maziwa, hana kibarua, amebaki na chuma kwa nyumba.

Wambugu akamuuliza swali moja tu.

"Mama, unakata ama unapasua?"

"Napasua. Mbao ya futi kumi na mbili, kutwa nzima."

"Basi sahau blade. Angalia injini."

Akamtolea mashine mbaya hiyo! Nzito kama ndama. Injini kichwa kikubwa, blade fupi. Haina urembo hata kidogo.

Rodah hakukimbia kununua. Aliivuta kamba, ikanguruma, akaibeba akazunguka nayo duka yote kuona kama mgongo utakubali. Akauliza oil inafikaje kwa chain ikikimbia sana. Akauliza speya ziko Kericho ama ni mpaka Nairobi. Akaitoa filter na mkono wake, akairudisha. Masaa mawili! Wambugu mpaka akatuma aletewe chai.

"Na nikitaka blade refu baadaye?"

"Hii injini itaivuta tu. Lakini injini ndogo ukiiwekea blade refu, umeiua. Ni kama kufunga punda kwa trela ya trekta."

Rodah akaibeba nyumbani.

Na center yote, pale madukani, ikacheka!

Mnajua kwa nini? Siku hizo operator alikuwa anapimwa na urefu wa blade. Naapa! Jamaa anafunga pawasoo nyuma ya baiskeli kusudi blade itokeze, halafu anapita nayo center Jumamosi pole pole, wazee wakikadiria na macho ni inchi ngapi. Injini? Hakuna mtu aliuliza injini. Vichwa hewa, wote!

"Shemeji," Hezekiah akasema mbele ya watu, "hii ni ya miti ama ni ya kunyoa Robert ndevu?"

Robert ndio bwana ya Rodah. Karani wa kupima majani chai. Mtu wa koti, kalamu mbili mfukoni, na kazi yote anafanya ni kusoma mizani. Lakini yeye hakucheka. Alimshika mke wake bega.

"Wachana nao, Mama Chebet. Mimi niko nyuma yako."

Wiki iliyofuata Hezekiah akasema ana malaria, hawezi kazi. Malaria gani! Ndio huyu sasa amefufuka kwa shamba ya Kipsang, na pawasoo ndefu, na wafanyikazi wa wenyewe.

Mzee Kipsang akaangalia hiyo pawasoo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Macho yakang'aa. Hata yeye!

"Mama, nilikuahidi, nakumbuka," akasema. "Lakini hii ya Hezekiah ni refu..."

Rodah akaona ng'ombe zake mbili zikienda bure.

"Mzee, gogo mbili ziko chini tayari," akasema. "Nipe moja, mpe moja. Mwenye mbao zake zitanyooka achukue miti yote."

"Sawa! Hiyo ni haki."

Mara watu wakajaa kwa fensi. Robert naye akafika na koti yake, eti amekuja kuona mke wake.

Hezekiah hakungoja. Vroooom! Blade ikaingia kwa gogo, unga wa mbao ukaruka juu.

"Huyo sasa ni mwanaume!" mtu akapiga kelele.

Rodah alikuwa bado amepiga magoti. Amechukua uzi, ameupaka ile unga nyeusi ya betri kuukuu ya redio, anauvuta kutoka ncha moja ya gogo mpaka ingine. Tap! Mstari. Tap! Mstari mwingine.

"Mama, utamaliza Krismasi!"

Meno ya chain Rodah alikuwa ameyapiga faili siku mbili, ya kupasua, si ya kukata. Akawasha. Akaweka blade kwa mstari. Mashine ikaanza kula, pole pole, sauti moja tu, kama mtu anatafuna mahindi na hana haraka.

Mbao ya kwanza. Ya pili.

Kwa ya tatu... sauti ya mashine ya Hezekiah ikabadilika.

Ikaanza kulia! Moshi ya bluu ikatoka. Chain imekauka, oil haifiki mwisho wa blade. Sasa mwenye akili angezima, si ndio? Hezekiah akafinya zaidi! Akaegemea na tumbo!

"Zima hiyo kitu!" Rodah akamwita.

"Unaogopa, shemeji!"

Krrrrrk...

Kimya. Injini imeshika, imekufa. Akavuta kamba mara kumi. Hakuna.

Na hizo mbao zake mbili, jameni! Upande huu nene kama Biblia, upande ule nyembamba kama chapati. Zimepinda kama njia ya mbuzi.

Mzee Kipsang akainua ya Rodah, akafunga jicho moja, akaangalia. Akaiweka chini na heshima.

"Miti ni yako, mama. Zote."

Sasa nyinyi mnadhani imeisha...

Hezekiah akatupa kofia chini, akatembea moja kwa moja mpaka kwa fensi. Akamshika Robert koti!

"Nirudishie ng'ombe yangu!"

"Nyamaza, wewe," Robert akanong'ona.

"Sinyamazi! Si ni wewe uliniambia niuze? Si ni wewe ulinipeleka Kapsoit kwa ule fundi, ukamwambia aweke blade refu kuliko zote? Ulisema bibi yako akishindwa mbele ya watu atarudi jikoni!"

Haki watu wote wakamgeukia Robert!

Rodah alikuwa bado ameshika mashine yake. Akaiweka chini. Akaenda pole pole mpaka kwa fensi, unga wa mbao kwa nyusi.

"Robert. Mlinunua injini ya ukubwa gani?"

Robert akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Nakuuliza. Ya ukubwa gani?"

"Mimi... niliona tu ni refu."

"Uliona ni refu."

Akamwangalia kutoka viatu mpaka kichwa, vile unaangalia kitu imebebwa na mafuriko.

"Miaka tano hii kazi iko kwa nyumba yako. Naongea mashine ukikula. Ungeniuliza tu, Robert. Ningekuchagulia mimi mwenyewe ile ya kunishinda!"

Fensi yote ikalipuka kicheko. Hata Mzee Kipsang alikaa chini!

Robert akajaribu kurekebisha kalamu zake. Moja ikaanguka.

"Sasa vua koti," Rodah akamwambia.

"Kwa nini?"

"Ulininyang'anya watu wa kubeba. Gogo zimebaki thirty. Beba mbao."

Na alibeba, wasee! Karani mzima, mbao begani, jasho mpaka kwa soksi. Jumatatu Hezekiah naye akaja kuomba kibarua. Rodah hakumtukana. Alimwambia tu asimame nyuma ya ndugu yake.

Somo ni hii, na mwenye kuumia aumie. Ukitaka kumwangusha mtu kwa kazi yake, angalau jifunze hiyo kazi kwanza... ndio hata kama wewe ni msaliti, usiwe msaliti mjinga!