Nguzo za Soko la Kwemhunga

Jumatano, saa 2:05 asubuhi. Manundu, Korogwe.

Kila asubuhi Hosiana alianza na kioo cha mashine ya fotokopi. Alikipulizia pumzi, akakifuta kwa kitambaa, akapanga rimu za karatasi, akawasha plota ya kuchapia ramani na kuisubiri iungurume. Siku hiyo alikuwa bado anafuta kioo pale giza liliposhuka dukani. Mtu alikuwa amefunga mlango.

"Msanifu," sauti ilisema. "Twende nyuma."

Alikuwa Mhina, mkandarasi. Nyuma yake walisimama Gerald, dereva wake, na Mustafa, mpwa wake. Hosiana alimwamkia Mhina shikamoo kwa mazoea, kisha akajichukia kwa kumwamkia.

Chumba cha nyuma kilinuka wino. Mhina alikaa juu ya boksi, akaeleza kazi bila haraka. Mradi wa Soko Jema ulikuwa umetangaza shindano la wasanifu vijana. Walitakiwa kuchora upya soko la Kwemhunga, lile lililoanguka. Mshindi angepewa kazi, na angejichagulia mkandarasi wake mwenyewe. Ramani hazikuwa na majina. Kila moja ilikuwa na namba, na namba hiyohiyo iliandikwa juu ya bahasha ndogo iliyofungwa. Jina lilikuwa ndani ya bahasha. Majaji wangechagua ramani kwanza, bahasha ifunguliwe baadaye. Wangekaa Ijumaa saa nane mchana, Handeni.

"Ramani hatuigusi," Mhina alisema. "Tunaiba jina tu."

Bahasha ya mshindi itoke. Iingie nyingine yenye namba ileile na jina la Mustafa.

"Mustafa huyu?" Gerald alicheka. "Ana cheti cha usanifu na choo cha shimo hawezi kuchora."

Mlango haukuwa tatizo. Milango ya ofisi ya mradi kule Handeni iliwekwa na mafundi wa Mhina mwenyewe. Walikabidhi funguo mbili, wa tatu Mhina akabaki nao. Ijumaa, watu wakienda kuswali na wengine kula, ofisi hubaki tupu. Kilichokosekana ni jicho. Mtu wa kutazama ramani kumi na tisa kwa robo saa na kujua ipi itashinda.

Hosiana alijibu kwa sauti ndogo kwamba mambo ya usanifu aliyaacha. Mhina hakupandisha sauti. Alimkumbusha karatasi moja iliyokuwa kabatini kwake, yenye saini ya Hosiana na nguzo sita.

Ilikuwa imepita miezi kumi na minane tangu paa la soko lile limwangukie na kumuua mwanamke aliyeitwa Husna. Hosiana hakuwahi kumwona. Labda ndiyo sababu alimjia bila sura, akakaa katika weupe wa kila karatasi iliyotoka kwenye plota, kimya, mikono mapajani. Tangu wakati huo Hosiana hakuingia jengo lolote bila kuhesabu nguzo.

"Ijumaa," Mhina alisema, akafungua mlango wa duka mwenyewe.

Ijumaa, saa 5:30. Njia ya Handeni.

Mhina hakuja. Alisema atasubiri simu Korogwe. Gari la Mhina, Noah, lilipita Sindeni kwa kasi, mikonge na mahindi yakirudi nyuma. Mustafa alifanya mazoezi ya kuwaeleza majaji ramani ambayo hakuwa ameiona, na Gerald akamzomea mpaka wote wawili wakachoka. Baadaye walidhani Hosiana amesinzia.

"Kikinuka?" Gerald aliuliza chini chini.

"Kinuke vipi? Anayeingia ni dada peke yake. Vidole vyake, saini yake. Mjomba keshapanga."

Hosiana hakufumbua macho. Huko gizani Husna alikuwa amekaa, na hakuwa na sura.

Saa 6:45. Handeni mjini.

Mlinzi wa ofisi ya mradi, mzee wa kofia nyeupe, alikuwa wa mwisho kuondoka kwenda msikitini. Mustafa alimkabidhi Hosiana ufunguo na bahasha isiyoandikwa namba. Yeye angekaa barazani. Akiona mtu, angepiga mluzi.

Baraza lilikuwa na nguzo nne.

Saa 6:49.

Ramani zilibandikwa ukutani, bahasha zikiwa kwenye sinia chini yake. Nyingi zilikuwa za kompyuta, zenye vioo na mapaa yaliyopaa kama yanataka kuondoka. Alizipita moja baada ya nyingine. Halafu akafika 4071, akasimama.

Ilichorwa kwa penseli. Aliyeichora alikuwa ameenda kukaa na wauzaji. Alijua kivuli kinaangukia wapi saa nane, maji ya samaki yanamwagwa wapi, mtoto mchanga analazwa wapi. Nguzo zilikuwa kumi na nane. Karibu na kila nguzo alikaa mwanamke, na kila mwanamke alikuwa na uso wake.

Hosiana alihesabu nguzo mara tatu. Hakuna jaji ambaye angeipita ramani hii. Na Mhina akikabidhiwa, swali lake la kwanza lingekuwa: nguzo zote hizi za nini?

Saa 6:58.

Aliandika 4071 juu ya bahasha ya Mustafa. Akachukua ile ya kweli. Akabaki na zote mbili mkononi, na mkono haukutaka kuchagua.

Saa 7:03.

Mluzi haukusikika. Dirishani alimwona Mustafa akiondoka upesi, bila kugeuka. Kisha mlango ukafunguliwa.

"Hivi niliuacha wazi?" mlinzi alijisemea. Akamwona. "Umechelewa kuleta ramani, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Alimvutia kiti. Alisema siku hizi akimaliza kuswali hurudi moja kwa moja, maongezi ya nje ya msikiti hayawezi tena. Jina lake Ramadhan. Hizo ramani hajui kuzisoma, lakini kila siku huja kuitazama ile yenye akina mama.

"Ni soko letu hilo. Mke wangu Husna alikuwa na meza ya mihogo pale. Mradi wakanionea huruma, wakanipa ulinzi."

Nje, Noah iliwaka, ikaondoka. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Hosiana: Mhina. Mzee alikuwa amesogea pembeni na mlango ulikuwa wazi. Neno moja la kuaga lingetosha.

"Alikuwaje?" Hosiana aliuliza. "Sura yake."

Mzee Ramadhan alishangaa, kisha akatabasamu. "Alikuwa na mwanya. Akicheka anaziba mdomo kwa kanga, kama msichana. Basi upepo ukamchukua. Walituambia ni upepo."

Sasa alikuwa na sura. Hosiana aliweka bahasha zote mbili mezani, moja kando ya nyingine. Simu ikatetemeka tena, akaiacha.

"Haukuwa upepo, baba," alisema. "Soko lile nililichora mimi. Nguzo zilikuwa kumi na mbili. Mhina akaniambia nizipunguze, nami niliogopa kukosa kazi. Nikafuta sita. Nilijua halitasimama, nikatia saini."