Usizime Picha

Seremala ni kiziwi tangu utotoni. Mikono yake ina kazi mbili: kupiga randa na kuongea. Mkewe humtania kwamba anaongea kuliko mtaa mzima, bahati nzuri hana kelele.

Kila Jumapili seremala na ndugu zake hukutana kwa video kwenye simu. Safari hii walikuwa wanaamua mama yao mzee aishi na nani, maana nyumba yake ilikuwa imechakaa. Kwa wakati huo alikuwa kwa kaka mkubwa. Seremala alimtaka kwake, na kitanda alikwisha kukichonga. Lakini kila alipoanza kuongea, picha iliganda na mikono yake ikabaki hewani.

Kaka mkubwa akaona dawa. "Shemeji, zimeni picha, mtandao utapata nafuu. Wewe utamsemea."

Picha ikazimwa, mke akasema. Mama mkwe akajibu kwamba popote ni sawa, asisumbuke mtu. Basi ndugu wakaona abaki hapo hapo, na Jumapili ijayo wafunge mjadala. Seremala alirudi karakana bila kugusa chakula. Mkewe roho ilimuuma.

Kesho yake mke alimwita jirani yao, mwalimu anayefundisha kwa video. Mwalimu alisema ushauri wa kaka si mbaya, ila unawafaa wanaosikia.

"Kwenu picha ndiyo maneno. Mkiizima, mmemziba mdomo."

Kisha alimuuliza seremala, mke akitafsiri, kabati kubwa hupitaje kwenye mlango mwembamba. Seremala akajibu kwamba unatoa droo na milango yake kwanza. Mwalimu akasema mtandao nao ni vivyo hivyo: mlango ukiwa mwembamba, punguza mzigo.

Akafungua mipangilio ya simu. Alishusha ubora wa picha hadi wa chini, akazima mapambo ya nyuma, akaficha picha za ndugu wengine na kubakiza ya mama tu. Akawaambia kaka naye ashushe ubora kwake. Wakati wa maongezi runinga isicheze video za mtandaoni, na simu nyingine zisipakue kitu.

"Picha itakuwa na ukungu kidogo, lakini haitaganda," alisema. "Na ukae ukitazama dirisha, mikono ionekane vizuri."

Jumapili ilipofika picha ilikuwa na ukungu kweli, ila mikono ilitembea. Mke alifungua mdomo amsemee kama alivyozoea, halafu akasogea pembeni. Seremala alimwambia mama yake kwamba kitanda kiko tayari, na kwamba amechoka kumkumbuka.

"Anasemaje?" kaka mkubwa aliuliza.

Mama mzee alikuwa ameelewa. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe alama za kwanza. Aliweka kikombe chini, akainua mikono yake, akaongea polepole. Seremala akasimama na kuanza kutafuta viatu vyake.

"Shemeji, mama amesemaje?"

Mke alifuta machozi kwanza. "Amesema, njoo unichukue."